Kuosha vyombo vya pombe ya nyumbani kwa poda za dukani, kwa maji ya Malindi

Umeosha ndoo ya kuchachushia, ukaisuuza, ukaianika. Asubuhi unakuta ndani pametanda weupe kama vumbi la ukuta. Usiilaumu poda. Hiyo ni chokaa kweli, na imetoka kwenye maji. Visima vingi vya mji huu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake yamejaa kalsiamu. Poda za kusafishia nazo zina kaboneti. Viwili hivyo vikikutana, huzaliwa kitu kilekile kinachoganda chini ya birika. Wengi wakiona weupe huo huongeza poda, na weupe huongezeka, kwa sababu wameongeza kaboneti.

Miongozo mingi ya ng'ambo imeandikwa kwa maji laini, ndiyo maana husema loweka usiku kucha, suuza, basi. Hapa tunaanza na maji kwanza, poda baadaye. Utaratibu ni uleule kwa bia, mvinyo wa maembe, tangawizi ya kuchachusha au siki ya tembo la mnazi. Wa Lamu wanaotumia maji ya visima wanaweza kuufuata bila kubadili kitu.

Maji

Maji ya bomba ya Malindi hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Maji ya kisima cha uani ni jambo jingine, na karibu na bahari huwa pia na chumvi. Kupima ugumu wake hakuhitaji maabara. Jaza chupa safi nusu, kwangua sabuni ya mche kiasi cha ncha ya kisu, tia, funga, tikisa kwa nguvu. Povu likisimama, maji ni laini. Likikataa na juu yakaelea mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika, maji ni magumu. Usitumie sabuni ya unga kwa kipimo hiki. Imetengenezwa ivumilie maji magumu, itakudanganya.

Sehemu kubwa ya ugumu wa maji ya matumbawe huondoka kwa kuchemsha. Yachemshe dakika 10 hadi 15, yaache yatulie mpaka yapoe, kisha yamimine polepole bila kutibua, ukibakisha kiasi cha vidole viwili chini. Chokaa imebaki huko. Maji haya ya juu yatumie kwa suuzo la mwisho. Wakati wa masika maji ya mvua ni bora zaidi, mradi umeacha mvua ya kwanza ioshe bati, na uyachemshe kabla ya kuyatia kwenye chombo kilicho tayari. Makuti hayafai kukingia. Maji yake hutoka na rangi.

Poda

Ya kwanza kwa kazi hii ni sodiamu perikaboneti, ambayo hapa tutaiita poda ya oksijeni. Ikiingia kwenye maji moto hugawanyika kuwa sodiamu kaboneti na haidrojeni peroksaidi. Kaboneti hulegeza mafuta na protini, na peroksaidi hula rangi na kubandua uchafu kwa vipovu vyake. Pete ya kahawia inayoganda pale povu la hamira lilipofika ndiyo uchafu mgumu kuliko wote kwenye ndoo, na poda hii huing'oa bila kusugua. Ndiyo iliyomo kwenye OxiClean wanayoisifia watengeneza bia wa Marekani, na kwenye PBW inayouzwa kwa ajili ya vyombo vya bia.

Kasoro ni kwamba poda nyingi za kutoa madoa kwenye nguo, Vanish ikiwemo, zimechanganywa na manukato na viambato vya kutoa povu. Zinasafisha, ila harufu huingia kwenye plastiki na haitoki upesi. Ukikosa isiyo na harufu, hizo zitumie kwenye chupa za glasi na vyombo vya chuma kisichoshika kutu tu, na suuza mara mbili zaidi. Poda safi ni nyeupe tupu, chembe zake kama chumvi, hainukii chochote.

Ya pili ni sodiamu kaboneti, magadi ya kufulia. Hii haina peroksaidi, kwa hiyo haiondoi rangi, lakini kwa mafuta na gundi ya vibandiko vya chupa inatosha, na ni rahisi. Nunua iliyosafishwa, nyeupe, laini. Magadi ghafi ya mawe yana chumvi na floraidi, na chumvi hiyo si rafiki wa chuma.

Magadi yakikosekana, yatengeneze kwa baikaboneti ya kuokea. Itandaze kwenye kikaango kikavu cha chuma, weka kwenye moto wa makaa, koroga. Itachemka kama uji mkavu kwa sababu inatoa mvuke na hewa ya kaboni. Ikitulia kabisa, imegeuka. Kilo 1 hutoa takriban gramu 630, kwa hiyo ukiipima na kukuta bado ina gramu 800, haijaiva. Usitumie baikaboneti yenyewe kama dawa ya kuoshea pete. Ukali wake ni mdogo mno. Inafaa kuondoa harufu, basi.

Ya tatu si ya kusafishia uchafu bali ya kuondolea chokaa: ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, ileile ya mapishi. Kwa maji yetu hii ndiyo inayokamilisha kazi, na ndiyo inayosahauliwa.

Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo. Ina manukato, ina vitu vya kung'arisha kitambaa, na mabaki yake huua povu la bia. Poda za kusugulia zenye mchanga mchanga, aina ya Vim, huchora plastiki. Mchoro mmoja usioonekana kwa macho unatosha kuficha vijidudu ambavyo dawa yoyote haitavifikia. Stilwaya vilevile, na upande wa kijani wa sponji. Tumia upande laini au kitambaa.

Kuosha ndoo ya lita 20

Kazi huanza siku ya kumimina, si siku ya kuosha. Ndani ya saa moja baada ya kutoa pombe, mwaga mashapo, suuza kwa maji ya kawaida, na ukikosa nafasi ya kuendelea iache ndoo imejaa maji. Mashapo yaliyokauka kwa joto la Malindi siku mbili ni kazi mara nne.

Fungua kila kinachofunguka: bomba la chini, nati, mpira wa kuzuia kuvuja. Chini ya mpira huo ndipo pombe mbovu nyingi huanzia, maana hapaoshwi. Viweke vyote ndani ya ndoo.

Tia lita 12 za maji ya bomba kwanza, kisha lita 8 za maji yanayochemka. Maji ya bomba hapa huwa karibu na nyuzi 28, kwa hiyo mchanganyiko utakuwa kama nyuzi 55, joto ambalo poda ya oksijeni hufanya kazi vizuri. Ukianza na yanayochemka, plastiki hupinda. Maji yakiwa baridi peroksaidi hutoka polepole mno na utadhani poda ni mbovu.

Sasa tia poda: gramu 5 kwa kila lita, yaani gramu 100, sawa na vijiko 7 vya mezani vilivyosawazishwa. Kwa pete iliyokauka kabisa nenda hadi gramu 10 kwa lita, lakini si zaidi. Kupita hapo unanunua chokaa. Koroga kwa mwiko wa plastiki mpaka chembe ziishe chini. Hakikisha maji yamefika juu ya pete. Ndoo iliyojazwa robo tatu huacha pete ileile ikikutazama.

Usifunge mfuniko. Poda hii inatoa oksijeni muda wote, na chombo kilichofungwa hujaa hewa mpaka kifumuke au mfuniko uruke. Hili ni kali zaidi kwa chupa kubwa za glasi na madumu yenye kifuniko cha kukaza. Funika kwa kitambaa.

Subiri dakika 30 hadi 45. Pete ngumu, saa 2. Usiku kucha ndiyo ushauri wa maji laini. Kwa maji magumu, kadiri dawa inavyopoa ikiwa ndani ndivyo chokaa inavyopata nafasi ya kuganda ukutani. Na baada ya saa 6 hivi peroksaidi imekwisha, unaloweka kwenye magadi tu. Ukitaka kujua kama dawa bado i hai, tazama ukuta wa chombo: vipovu vidogo vikiendelea kupanda, bado. Ikiwa bado ina moto na vipovu, itumie upesi kwa vyombo vingine; dawa moja huosha ndoo, kisha mipira, kisha chupa, kwa mpangilio huo. Haifai kuitunza kwa kesho.

Pitisha sponji laini, mwaga, suuza. Hapa kuna hesabu inayookoa maji, na maji Malindi ni pesa. Ukutani hubaki kama mililita 100 za dawa. Ukisuuza mara moja kwa lita 6, dawa hupungua kiasi cha mara 60. Ukisuuza mara tatu kwa lita 2 kila mara, ukizungusha na kumwaga yote, hupungua mara elfu kadhaa. Maji ni yaleyale lita 6. Mashiko ya ndoo na shingo ya bomba navyo visuuzwe, siyo tumbo la ndoo peke yake.

Kidole kikiteleza ukutani kama kilichopakwa sabuni, magadi bado yapo. Kipimo kizuri zaidi ni maji ya rosela. Chemsha maua makavu machache kwenye kikombe, chuja. Weka suuzo la mwisho kwenye glasi moja, na maji ya bomba yaleyale ambayo hayajagusa chombo kwenye nyingine, kiasi sawa, kisha matone ya rosela kwa idadi ileile kote. Rangi zikifanana, umesuuza. Suuzo likigeuka zambarau au kijani kuliko glasi ya pili, rudia. Glasi ya pili ni ya lazima, kwani maji magumu yenyewe hufifisha wekundu wa rosela.

Ndimu ya unga sasa. Kijiko kimoja cha chai, takriban gramu 5, kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu. Lita 2 zinatosha ndoo nzima: zungusha zilowanishe kote, rudia kwa dakika 10. Ukungu mweupe huyeyuka mbele ya macho. Ukikuta tabaka la manjano-kijivu, gumu, lisilotishika na poda, hilo ni jiwe la bia: kalsiamu oksaleti iliyokusanyika pishi baada ya pishi. Lahitaji gramu 20 kwa lita, maji ya moto, saa 1, na kusugua kwa kitambaa, na huenda mara mbili. Siki nyeupe inaweza kushika nafasi ya ndimu kwa weupe mwepesi, ila harufu yake hudumu kwenye mipira.

Malizia kwa maji yaliyochemshwa na kuondolewa chokaa, au ya mvua. Anika kifudifudi juu ya uchaga, hewa ipite chini. Ndoo iliyofudikizwa kwenye sakafu ya saruji hufuka unyevu na kuota koga, hasa miezi ya kusi.

Usichanganye poda na ndimu kwa pamoja ukidhani nguvu zitajumlishwa. Zinauana, povu unaloliona ni mazishi yao. Poda ya oksijeni pamoja na siki hutoa asidi inayochoma macho na koo. Poda kwanza, suuza, asidi baadaye.

Sufuria za alumini

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea, maana sufuria za nyumba nyingi ni za alumini. Poda ya oksijeni na magadi, vyote viwili, hula alumini. Dakika chache tu kwenye maji moto, sufuria inatoa vipovu vyake yenyewe, inageuka nyeusi au kijivu chenye mabaka. Vipovu hivyo ni haidrojeni, na chuma ndicho kinacholiwa.

Alumini ioshwe kwa maji moto, sabuni kidogo ya maji isiyo na harufu, na kumbi la nazi laini bila majivu. Majivu nayo ni magadi ya aina yake. Kilichoungua chini, chemsha maji na ndimu ya unga vijiko 2 vya mezani kwa lita 3, dakika 15, kisha kikwangue kwa mwiko wa mti.

Mwenye nyumba wa Pwani hujivunia sufuria zinazong'aa mpaka ukajiona uso. Kwa sufuria ya kupikia bia, ng'aro hilo ni la kuacha. Utando wa kijivu uliofifia ndio unaozuia ladha ya chuma kuingia kwenye pombe. Ukiusugua ukatoka, chemsha maji matupu ndani kwa nusu saa kabla ya pishi linalofuata.

Chuma kisichoshika kutu hakina shida na poda yoyote kati ya hizi. Mrija wa shaba wa kupozea uwekwe kwenye siki kwa dakika 10 na kusuuzwa, usilowekwe kwenye poda ya oksijeni.

Chupa, mipira, vibuyu

Chupa zenye vibandiko: magadi gramu 20 kwa lita, maji ya nyuzi 55, nusu saa. Karatasi huteleza, gundi hufutika kwa kitambaa. Zijaze ndani pia. Chupa za plastiki za maji na soda hazivumilii zaidi ya nyuzi 50, hukunjamana. Glasi baridi usiitie maji yanayochemka.

Chupa ikiinuliwa kwenye mwanga, maji yashuke ndani kama utando mmoja. Yakikatika matone matone, kuna mafuta. Rudia kabla ya kujaza, kwa sababu chupa moja chafu haikupi ishara mpaka uifungue.

Mpira wa kuhamishia pombe haufikiwi kwa brashi. Ujaze dawa kwa kuuzamisha wote kwenye beseni, uhakikishe hakuna hewa katikati, dakika 30. Kisha utundike unyooke, ncha zote chini. Ukiona doa la kahawia lisilotoka au mpira umekuwa mweupe na mgumu, ukate na ununue mwingine. Ni wa bei ndogo kuliko pishi moja.

Kibuyu kiko nje ya mambo haya. Kina vinyweleo, hunywa chochote unachokitia, na poda yenye harufu itakaa humo maisha yake yote. Maji moto, kokoto safi za kutikisia, jua, basi. Isitoshe, kwa tembo la mnazi usafi wa kiwango cha bia si lengo. Mgema huacha mabaki ya jana kwenye kibuyu makusudi, kwa kuwa humo ndimo hamira inayolichachusha la leo inamoishi. Ukikiosha kama ndoo ya bia, tembo litachelewa kukolea.

Kwa sababu hiyohiyo, vyombo vya tembo na vya siki visichanganywe na vya bia. Bakteria wa siki wakishaingia kwenye mpira laini au mchoro wa plastiki, poda haiwatoi. Weka alama kwa rangi, mpira mwekundu wa siki, mweupe wa bia.

Baada ya kusafisha, kuua vijidudu

Poda inaondoa uchafu. Vijidudu wengi huondoka nao, lakini si wote, na dawa ya kuua haipenyi uchafu. Ndiyo maana ni kazi mbili, na haziwezi kubadilishana zamu.

Njia nyepesi ni moto: vitu vidogo vya chuma na glasi vichemshwe dakika 10. Kwa plastiki, klorini ya kufulia isiyo na harufu, kama Jik ya kawaida. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 6 kwa lita 1 ya maji baridi hutoa takriban miligramu 200 za klorini kwa lita. Dakika 15, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mara tatu. Klorini iliyobaki hukutana na viambato vya kimea na kuzaa ladha ya bendeji ya hospitali, ambayo haitoki hata ukingoje mwaka. Chupa ya klorini iliyokaa dirishani miezi mingi kwa joto letu imepungua nguvu. Nunua ndogo, maliza, nunua nyingine. Usiache klorini kwenye chuma kisichoshika kutu zaidi ya muda huo, hasa kama maji yako ni ya chumvi: itatoboa vidoti.

Klorini isikutane na ndimu ya unga wala siki, hata kwenye karai la maji machafu. Hutoa gesi ya sumu. Isikutane pia na poda ya oksijeni. Hapo huchemka na zote mbili huisha nguvu. Suuza kati ya kila hatua, na fanya kazi uani, si kwenye choo kilichofungwa.

Kutunza poda

Hewa ya bahari ndiyo adui wa poda ya oksijeni. Ikipata unyevu huanza kufa taratibu ndani ya mfuko. Ihamishie kwenye kopo kavu la plastiki lenye mfuniko wa kubana wa kawaida, si wa kuzungusha na kukaza, maana iliyolowa hutoa hewa. Kijiko kikavu daima. Ikishika mabonge, pima: kijiko 1 cha chai kwenye glasi ya maji moto. Ndani ya dakika moja glasi iwe imechafuka kwa vipovu vidogo. Vikiwa vichache, poda imegeuka magadi. Usiitupe, itumie kwa vibandiko.

Vaa glavu, kwa sababu hukausha mikono hadi ikapasuka, na mimina poda ukiwa upande inakotoka upepo. Andika jina juu ya kopo. Nyeupe hii inafanana mno na chumvi na sukari kwa jikoni lenye watoto. Maji machafu ya magadi usiyamwage kwenye shina la mpapai au kwenye mchicha. Sodiamu hukaa kwenye udongo mpaka mvua kubwa iuoshe.